Je, Wajua? Walioipitisha Injili Bagamoyo

Je, wajua kwamba kituo cha kwanza cha kudumu cha Kanisa Katoliki katika Tanzania Bara kilianzishwa kwa ridhaa ya mtawala Mwislamu? Mwaka 1868 Padri Anton Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja na kuanza kazi Bagamoyo, katika ardhi ya Sayyid Majid, Sultani wa Zanzibar. Mji ulikuwa wa Waislamu. Washomvi, Waarabu, Wahindi wenye maduka, Wazaramo na Wakwere wa jirani, na maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi waliofika kila msimu na pembe za ndovu, wote walikutana hapo. Mgeni mwenye msalaba alipaswa kujua kwamba yeye ndiye aliyepiga hodi.

Wajua kwamba kabla ya Bagamoyo kulikuwa na Unguja? Desemba 1860 Padri Armand Fava alishuka Zanzibar akitokea kisiwa cha Réunion, akiwa na mapadri wawili na masista sita. Masista hao walikuwa wa Shirika la Mabinti wa Maria, lililoanzishwa Réunion mwaka 1849, miezi michache tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani humo. Tangu mwanzo shirika lilipokea wanawake weupe na wanawake waliotoka utumwani, wakavaa vazi moja na kula meza moja. Katika dunia ya wakati ule hilo lilikuwa jambo la kutikisa watu. Wahubiri wengi wa karne ile walifundisha undugu kwa maneno, huku nyumba zao zikiwa na mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Masista hawa walifika pwani yetu wakiwa tayari wameshaliishi lile walilotaka kulisema.

Je, wajua habari za Swema? Nakuomba msomaji utulie hapa kidogo.

Swema alikuwa mtoto wa Kiyao. Kwa mujibu wa masimulizi yake, alichukuliwa utumwani kwa sababu ya deni, na mama yake mjane akaamua kumfuata katika msafara badala ya kumwacha aende peke yake. Mama alichoka njiani, akaachwa afe. Mtoto alifika Unguja akiwa mgonjwa kiasi kwamba wenyewe walimwona hana faida, wakamviringisha katika mkeka na kumfukia kwenye kaburi la juujuu akiwa bado anapumua. Kijana mmoja aliyepita karibu akasikia sauti, akamfukua, akampeleka kwa masista.

Akapona. Akalelewa, akafundishwa, akawa anasaidia kuhudumia wagonjwa. Siku moja akaletwa Mwarabu aliyejeruhiwa. Swema akamtambua: ndiye mtu wa ule msafara, ndiye aliyeamuru mama yake aachwe njiani. Masimulizi yanasema msichana alishindwa hata kumkaribia, kisha, baada ya sala na machozi mengi, akarudi na kumsafisha vidonda.

Habari hii ilichapishwa Paris mwaka 1870, baada ya kuandikwa na mapadri. Ni kweli imepita katika kalamu ya Wazungu waliotaka kuwagusa wafadhili wao, na wanahistoria wamelisema hilo waziwazi. Lakini umbo la tukio lenyewe ni la kweli kabisa kwa pwani ya wakati ule: hospitali moja, chini ya paa moja, ilipokea aliyeuzwa na aliyeuza. Ukiniuliza ni nani aliyevuka mpaka mrefu zaidi katika historia nzima ya Injili pwani hii, sitataja padri wala askofu. Nitamtaja binti huyo wa Kiyao akiwa na kitambaa na maji mkononi.

Wajua kwamba misheni ya Bagamoyo ilikuwa ikinunua watumwa ili kuwaacha huru? Fedha zilitoka kwa Wakatoliki wa Ulaya, nyingi zikiwa sadaka za watoto. Waliokombolewa walisomeshwa, wakafundishwa useremala, uhunzi na kilimo, na walipokua wakaoana na kupewa nyumba na shamba katika Kijiji cha Uhuru cha Kikristo. Ndiyo maana Bagamoyo ikaitwa kimbilio.

Lakini lazima tuseme na upande wa pili. Kijiji kilikuwa na kengele ya kuamka, kengele ya kazi, kengele ya sala. Mapadri walipanga karibu kila kitu, na wapo waliotoroka. Mtu aliyekombolewa kutoka kwa bwana mmoja hakufurahia kuamriwa na mwingine, hata kama huyu wa pili alikuwa mwema. Tena kijiji kilijitenga na mji. Wakristo walikaa upande wao, wenye mji upande wao, na katika miaka yote ile Waislamu wa Bagamoyo walioingia Kanisani walikuwa wachache mno. Nadhani sababu mojawapo ni hiyo. Walioishi ndani ya uzio waliijua Injili, na walioishi nje waliyajua zaidi majengo yake.

Je, wajua kwamba miaka minne tu baada ya kuanzishwa, misheni ilikaribia kufa? Kipindupindu kilipiga pwani na Unguja mwaka 1869. Kisha tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kikaipitia Zanzibar na Bagamoyo, kikabomoa nyumba na kung'oa minazi. Walianza upya. Kanisa la zamani, lile lenye mnara unaoonekana hadi leo, ni la mwaka huohuo wa 1872.

Na je, wajua ni maiti ya nani iliyolala hapo?

David Livingstone alikuwa Mskoti na Mprotestanti, aliyetumwa mwanzoni na Shirika la Misheni la London. Alifariki mapema Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake wangeweza kumzika hapo na kwenda zao, na hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake waliamua kumrudisha kwao. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, alisimamia kazi ya kuutoa moyo na matumbo. Vikazikwa chini ya mti. Mwili ukatiwa chumvi, ukakaushwa juani, ukafungwa katika gamba la mti na kitambaa. Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa shule ya misheni huko Nasik, India, baada ya kuokolewa utumwani, akasoma sala za maziko na kuchonga maandishi kwenye mti.

Kisha wakabeba. Zaidi ya kilomita 1,500, karibu miezi tisa. Karibu na Unyanyembe wakakutana na msafara wa Kiingereza chini ya Luteni Cameron, naye akawashauri wamzike hapohapo. Wakakataa. Mbele kidogo wenyeji wakawakatalia kupita na maiti, basi wakafunga mzigo wa uongo wa vijiti, wakajifanya wanaurudisha Unyanyembe ukazikwe, na mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na robota la nguo la biashara. Mzigo huo ukapita.

Tarehe 24 Februari 1874 wakaingia Bagamoyo, na mwili wa Mprotestanti ukapokelewa katika misheni ya Wakatoliki. Msomaji wa leo aliyezoea ibada za pamoja anaweza kuliona jambo dogo. Haikuwa hivyo mwaka 1874. Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wanashindana kila mahali, na Uganda baadaye wangefikia kupigana vita. Katika chumba kile kidogo chini ya mnara ushindani ulikaa kimya walau usiku mmoja.

Wajua viongozi wa msafara huo walikuwa watu wa dini gani? James Chuma alikuwa Myao, aliyekombolewa akiwa mtoto mwaka 1861, na alikuwa Mkristo. Abdullah Susi alikuwa Mwislamu. Mwislamu na Mkristo walikubaliana, wakapanga njia, wakagawana amri na lawama. Susi alikuja kubatizwa Unguja miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1886, akachukua jina la Daudi. Wanaoandika kwamba Livingstone hakuacha waongofu wangefanya vizuri kusoma tena tarehe hizo. Hakuna mahubiri yanayojulikana yaliyomgeuza Susi. Kilichojulikana ni miaka mingi ya kutembea na mtu mmoja.

Je, wajua walilipwaje? Walipofika pwani, wengi wa wale watu 60 hivi waliandikiwa malipo yao na kuruhusiwa kwenda makwao. Jacob Wainwright peke yake alisafiri na jeneza hadi Uingereza na kushiriki mazishi katika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi waliitwa baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha, wakasaidia kuandaa kitabu cha shajara za mwisho za bwana wao. Medali zilitengenezwa kwa ajili ya waliombeba, lakini wengi walikuwa wameshatawanyika. Mpishi Halima alikuwa mmoja wa wanawake wa msafara huo, na ni jina ambalo hulisikii katika hotuba za kumbukumbu.

Sasa tukimbie kidogo.

Wajua kwamba mwaka 1542 Mtakatifu Francis Xavier alipita Malindi akiwa safarini kwenda India? Katika barua yake ya mwaka huohuo anasimulia mazungumzo na mzee Mwislamu wa mji, aliyesikitika kwamba kati ya misikiti 17 ni mitatu tu iliyokuwa na watu. Mzee alitaka kujua kama Wakristo nao wamepoa hivyo. Ni mazungumzo ya wacha Mungu wawili wenye wasiwasi mmoja, na ni miongoni mwa ya zamani zaidi ya aina hiyo yaliyoandikwa katika pwani hii.

Wajua kwamba mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Zanzibar mwanzoni mwa 1844, Sultani Sayyid Said alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake? Mke wake Rosine na mtoto wao mchanga walifariki Mombasa Julai mwaka huo, wakazikwa upande wa Nyali. Na alipoanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, msaada wa lugha aliupata kwa kadhi wa Mombasa.

Wajua kwamba Askofu Edward Steere wa Anglikana alijenga kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, mahali pale palipokuwa soko la watumwa, na jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya 1873, mwaka uleule soko lilipofungwa? Inasimuliwa mjini kwamba saa ya mnara ilitoka kwa Sultani Barghash. Steere huyohuyo alikuwa amechapisha hadithi za Waswahili mwaka 1870, kabla hajamaliza kuwapa Agano Jipya. Alianza kwa kusikiliza hadithi za wenyeji, akasema za kwake baadaye. Mpangilio huo naupenda.

Wajua kwamba Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, alipewa upadri wa Anglikana mwaka 1890, na akatumika huko kusini, kati ya Wayao wenzake?

Wajua kwamba David Koi, Mgiriama wa huko nyuma ya Malindi, aliuawa mwaka 1883? Alikuwa mwalimu wa jumuiya ya Wakristo na watumwa waliotoroka huko Fuladoyo. Hapakuwa na mmisionari wa Kizungu aliyekaa nao. Walisoma, wakasali, wakawapokea waliokimbia mabwana, na kwa kuwapokea huko mwalimu wao akapoteza uhai.

Wajua kwamba mwaka 1876 Roger Price wa Shirika la Misheni la London alijaribu kutumia ng'ombe wa kukokota kutoka Saadani, kaskazini mwa Bagamoyo, hadi Mpwapwa? Jaribio la kwanza lilitia moyo. Msafara wenyewe wa mwaka uliofuata ukakutana na mbung'o na ng'ombe wakafa. Vitabu vya sala, kengele, divai ya misa, dawa, mashine za kuchapia, vyote vikaendelea kwenda bara juu ya vichwa vya watu.

Hapo ndipo penye kiini cha safu ya leo. Tumezoea kusema Injili ililetwa na wamisionari. Walioileta kwa miguu na mabega, na mara nyingi walioieleza kwa lugha inayoeleweka, walikuwa wapagazi, wapishi, watumwa waliokombolewa na wake zao.

Chukua Mhonda, katika milima ya Nguru. Misheni hiyo ilifunguliwa mwaka 1877, na mapadri hawakwenda peke yao. Walikwenda na familia za Kikristo kutoka Bagamoyo, watu waliooana katika Kijiji cha Uhuru, waliohamia huko wajenge, walime na wasali mbele ya majirani wapya. Mandera ya Ukwere na Morogoro zikafuata miaka ya mwanzo ya 1880. Fikiri kazi ya mama mmoja katika familia hizo. Ametekwa mahali ambapo pengine hapakumbuki vizuri, amelelewa pwani, anaolewa, kisha anahamishwa tena kwenda kuishi na watu wa lugha nyingine, na anatazamiwa aonyeshe kwa maisha yake kwamba Mungu ni mwema. Atachota maji kisimani pamoja nao, mtoto wake ataugua na atahitaji dawa ya bibi wa jirani. Barua za mapadri zimehifadhiwa Ulaya kwa maelfu. Sauti ya mama huyo haikuandikwa.

Je, wajua ni lini uzio wa Bagamoyo ulifunguka kweli? Ilikuwa vita ya 1888 na 1889, Bushiri bin Salim alipoongoza wakazi wa pwani dhidi ya kampuni ya Wajerumani. Mji ulipigwa mizinga kutoka baharini na nyumba zikachomwa. Maelfu ya watu wakakimbilia misheni, wengi wao Waislamu, wakalala chini ya miembe na minazi ya mapadri. Bushiri hakuigusa misheni.

Kwa nini? Mapadri walikuwa wa shirika la Kifaransa, wala hawakuwa wa kampuni iliyokuja kupora mji, na hilo lilisaidia. Lakini naamini miaka 20 ya kutibu vidonda vya wapagazi na wenye mji ilihesabiwa pia. Kulinganisha si vigumu. Tarehe 13 Januari 1889 misheni ya Wabenediktini Wajerumani huko Pugu, waliokuwa wamefika juzijuzi na kuonekana kama mkono wa kampuni, ilivamiwa. Watatu waliuawa na wengine wakatekwa. Aliyekwenda kuzungumza na Bushiri hadi waliotekwa wakakombolewa alikuwa Padri Etienne Baur wa Bagamoyo, mtu aliyekuwa pwani tangu miaka ya 1860. Misheni iliyozoea kukomboa watumwa mara hii ikakomboa watawa. Bushiri alinyongwa Pangani Desemba ya mwaka huo.

Wajua kwamba msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe ulianzia safari Bagamoyo Juni 1878, baada ya kupokewa na wenzao wa Roho Mtakatifu? Tawi lake lilifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1879. Haikupita hata miaka kumi, vijana wa ikulu waliobatizwa walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu wafiadini 22 Wakatoliki mwaka 1964, aliwakumbuka pia wale wa Anglikana. Wafiadini walikuwa wameshaungana motoni miaka 78 kabla ya wakubwa wao kuwataja pamoja.

Wajua kwamba kahawa ya Kilimanjaro ina undugu na Bagamoyo? Mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont na mapadri Alexandre Le Roy na Auguste Gommenginger walitembea hadi Kilimanjaro, na Mangi Fumba akawapa mahali Kilema. Miche ya kahawa iliyotoka Réunion ilipitia misheni ya pwani, ikapandwa huko.

Le Roy ni mtu wa kumtazama kwa makini. Aliishi pwani na bara tangu 1881, akachora, akauliza, akasikiliza wazee. Aliporudi Ulaya na kuwa mkuu wa shirika lake, aliandika kitabu mwaka 1909 akitetea kwamba watu wa Afrika walimjua Mungu mmoja kabla mmisionari hajafika. Kitabu kina kasoro za zama zake, pamoja na jina alilowaita watu hao. Hata hivyo, mtu aliyekuja kufundisha alikiri hadharani kwamba amekuta kitu, na Ulaya ya wakoloni haikutaka kusikia hilo.

Mwenzake, Padri Charles Sacleux, alifuata njia nyingine ya kusikiliza. Alikusanya mimea na maneno. Jenasi moja ya mimea imepewa jina lake, Sacleuxia, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, yenye maneno ya lahaja nyingi za pwani, ilitoka mwaka 1939, mwenyewe akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Mtafiti wa Kiswahili hadi leo anaifungua.

Na upande wa pili wa mtaa, je?

Wajua kwamba mtoto mwingine aliyefikishwa Bagamoyo kama mtumwa, akitokea Kongo, alikuwa Yahya bin Abdallah, anayejulikana kama Sheikh Ramiya? Yeye hakulelewa misheni. Alilelewa katika nyumba ya Mwarabu wa mji, akasoma, akafungua madrasa, akawa kiongozi mkubwa wa tarika ya Qadiriya. Alifariki mwaka 1931, na jina lake bado linaheshimiwa Bagamoyo. Mkristo anayetaka kuielewa pwani amjue Sheikh Ramiya. Watoto wawili wangeweza kushuka kutoka msafara uleule, mmoja akaingia misheni na mwingine madrasa, na wote wakakuta mahali palipowaambia kwamba wao ni watu. Anayekwenda kumshuhudia jirani Mwislamu bila kulijua hilo anakwenda kama mgeni asiyebisha hodi.

Wajua pia habari za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mwismailia wa Bagamoyo aliyekodisha wapagazi na kuwauzia wasafiri vifaa, wamisionari wakiwemo? Mali yake ilijenga shule mjini humo bila kubagua watoto kwa rangi, na hospitali Dar es Salaam iliyofunguliwa mwaka 1897, mwaka aliofariki. Hospitali hiyo ndiyo chimbuko la Muhimbili, ambako jengo la Sewahaji bado linaitwa kwa jina lake. Wema haukuwa mali ya dini moja katika mji ule, na wamisionari waliolitambua hilo ndio walioishi vizuri na watu.

Leo mambo yakoje? Bagamoyo bado ni mji wa Waislamu walio wengi, na misheni bado ipo palepale, na barabara yake ya miembe na jumba la masista lililogeuzwa makumbusho. Pita asubuhi utasikia salamu tatu katika hatua chache: Asalaam alaykum kwa muuza samaki, Tumsifu Yesu Kristo kwa mama anayetoka misa, Bwana Yesu asifiwe kwa kijana wa kanisa la Kilutheri au la Kipentekoste. Mtu mmoja hujibu zote tatu bila kukosea. Jirani akifiwa, majamvi hukopwa nyumba kwa nyumba bila kuuliza ni kwa hitima au kwa arobaini. Ndugu wa damu moja wana majina ya Hamisi na Yohana.

Je, wajua kwamba mwaka 2025 Papa Fransisko aliunda Jimbo Katoliki la Bagamoyo, kwa kumega Jimbo Kuu la Dar es Salaam na Jimbo la Morogoro? Askofu wake wa kwanza ni Stephano Lameck Musomba, wa Shirika la Mtakatifu Augustino. Ni shirika lilelile ambalo watawa wake waliuawa Mombasa mwaka 1631, katika zama ambazo kanisa la pwani liliegemea ngome ya Wareno. Safari hii hakuna ngome, na askofu ni Mtanzania.

Jimbo jipya lina kazi nyingi, na mojawapo naiomba kutoka hapa, kwa kila msomaji na si kwa askofu peke yake. Watoto wa watoto wa makatekista wa kwanza wa Mandera, Mhonda, Lugoba na Bagamoyo bado wapo, na wazee wanaokumbuka majina wanazidi kupungua. Kama babu yako alikuwa katekista au mpagazi wa misheni, kama bibi yako alilelewa na masista, keti na mkubwa wa ukoo wiki hii, andika jina lake, alitoka wapi, alimfundisha nani, jirani yake Mwislamu alikuwa nani. Peleka nakala parokiani kwako. Padri Horner, Baur na Le Roy wameshaandikwa vya kutosha.